Nani Atangulie, Nani Asubiri: Haki Katika Kupanga Miradi Mali Isipotosha

Kupanga miradi ni kuamua mambo mawili: kazi gani ifanywe, na ifanywe lini. Mali ikitosha, la pili huwa jepesi, kwa kuwa kila kazi huanza wakati wake bila kuizuia nyingine. Mali isipotosha, swali la lini hugeuka kuwa swali la nani. Mtambo wa kuchimba visima ulioko Kinango mwezi huu hauwezi kuwa Msambweni mwezi huohuo, na shilingi iliyonunua mabati ya shule haiwezi kununua dawa. Kila kijiji kinachotangulizwa kinakisubirisha kingine. Kwa hiyo ratiba ya miradi, hata ikiandikwa kwa tarakimu tupu, ni hukumu juu ya watu: inaamua ni nani atakayechota maji karibu na nyumbani mwaka huu, na ni nani atakayeendelea kuyafuata mbali.

Kaunti ya Kwale, katika pwani ya Kenya, inalionyesha jambo hili waziwazi. Ina wadi 20, kuanzia ufuo wa Diani wenye hoteli za watalii na vijiji vya wavuvi vya Gazi, Shimoni na Vanga, hadi bara kavu ya Kinango na Samburu ambako ng'ombe na binadamu hugombea maji ya bwawa moja. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kwa mara ya kwanza kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zinazostahili Hazina ya Usawazishaji iliyowekwa na Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010, Kwale ilikuwa mojawapo. Utajiri na uhaba vimekaa pamoja katika kaunti moja, na bajeti moja inatakiwa iwatazame wote.

Swali la kidini na la kifalsafa linalozaliwa hapa ni hili: ni kwa haki ipi mtu anaweza kumwambia mwenzake asubiri? Jibu linalotetewa katika makala haya ni kwamba kusubiri ni mzigo kama ulivyo ushuru, na mzigo huo hugawika kwa haki pale tu masharti manne yanapotimia. Haja nzito itangulie haja nyepesi. Zamu ya wanaolingana iamuliwe kwa njia isiyompendelea mtu. Ambao hawajazaliwa nao wahesabiwe. Na anayesubirishwa apewe sababu pamoja na ahadi inayotimizwa.

Kile ambacho hesabu inaweza kusema

Elimu ya ratiba imekua sana katika miaka mia moja iliyopita. Henry Gantt, mhandisi wa Marekani, alieneza michoro ya mistari inayoonyesha kila kazi na muda wake mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1957 wataalamu wa kampuni ya DuPont na Remington Rand walibuni njia ya kutafuta mfuatano wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi wote unachelewa. Mwaka uliofuata Jeshi la Majini la Marekani likatumia mbinu ya aina hiyo katika mradi wa makombora ya Polaris. Mbinu hizo za mwanzo zilichukulia kwamba watu na mitambo vitapatikana kila vinapohitajika. Sharti la uhaba lilipoingizwa katika hesabu, tatizo likawa gumu mno: mwaka 1983 Błażewicz, Lenstra na Rinnooy Kan walionyesha kuwa liko katika kundi la matatizo ambayo hayana njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu bora kwa kila hali. Wapangaji kwa kawaida hutumia kanuni ya utangulizi, yaani kigezo kinachosema kazi ipi ipewe fundi kwanza pale mbili zinapomtaka kwa wakati mmoja.

Hata hivyo hesabu ina mafunzo ambayo hakuna kamati ya kijiji inayopaswa kuyakosa. Chukua vijiji vitatu na kikosi kimoja cha mafundi. Kijiji cha kwanza kinataka darasa, kazi ya miezi 2. Cha pili kinataka kisima, miezi 4. Cha tatu kinataka zahanati, miezi 6. Viongozi, kwa kuogopa lawama, huanzisha yote siku moja na kukigawa kikosi sawasawa. Darasa litakamilika mwezi wa 6, kisima mwezi wa 10, zahanati mwezi wa 12. Kikosi hichohicho kikimaliza darasa ndipo kiende kisimani, kisha zahanati, darasa litakamilika mwezi wa 2, kisima mwezi wa 6, na zahanati mwezi uleule wa 12. Wenye zahanati hawakupoteza hata siku moja, na wale wawili wakapata miezi minne minne. Kuanzisha kila kitu ili kila mtu aone msingi umechimbwa kunaonekana kama usawa, lakini matokeo yake ni kuwacheleweshea wengine bila kumwahishia yeyote.

Madhara yake huonekana kwa macho. Jengo lililokwama kwenye linta huacha vyuma wazi vikila kutu katika hewa ya chumvi ya pwani. Mifuko ya simiti iliyorundikwa kwenye banda hupata unyevu wa masika, ikaganda na kuwa mawe. Mchanga hushuka na maji ya mvua, mbao za fomu hupinda, na fundi akiitwa tena baada ya mwaka hulazimika kuvunja sehemu ya alichojenga. Mali iliyokuwa haba sasa imepungua zaidi, na wa kuilipa tofauti hiyo ni walewale waliokuwa wakisubiri.

Msimu nao una neno lake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni, ilhali masika hunyesha pwani kuanzia Machi au Aprili hadi Juni, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Mgao wa Hazina ya Taifa ukichelewa na zabuni zikavutana, fedha hupatikana ukingoni mwa mwaka, wakati lori la kokoto halipiti kwenye udongo mwekundu na bwawa haliwezi kuchimbwa kwa kuwa limejaa. Mpangaji asiyeiweka kalenda ya mvua juu ya kalenda ya fedha ameipoteza miezi mikavu kabla hajaanza.

Ila hesabu hufika mahali ikanyamaza. Katika mfano ule, kanuni ya kumaliza kazi fupi kwanza hupunguza jumla ya miezi ya kusubiri kwa vijiji vyote vitatu. Lakini inachukulia kwamba mwezi mmoja bila darasa ni sawa na mwezi mmoja bila zahanati. Watoto wanaweza kusomea chini ya mwembe kwa muhula mmoja. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hana muhula wa kungoja. Kanuni inayozingatia uzito wa kila mradi, iliyotolewa na W. E. Smith mwaka 1956, huupanga kila mradi kwa uzito wake ukigawanywa kwa muda wake. Kwa kanuni hiyo, zahanati ya miezi 6 hulitangulia darasa la miezi 2 iwapo mwezi wa kukosa zahanati una uzito unaozidi mara tatu mwezi wa kukosa darasa. Hiyo "mara tatu" haitoki kwenye hesabu. Lazima atokee mtu wa kuisema, na mwenye kuisema ameingia katika uwanja wa maadili.

Daraja za haja

Wanazuoni wa Kiislamu walishughulika na mizani hii mapema. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba makusudio ya Sheria ni kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika kila moja, alisema, kuna daraja: mambo ya dharura ambayo maisha huvunjika yakikosekana, mambo ya haja ambayo maisha huwa na dhiki bila hayo, na mambo ya kupamba yanayoyafanya maisha kuwa mazuri. Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1388, aliijenga fikra hiyo kwa upana katika kitabu chake cha Muwafaqat, akaonyesha kuwa pambo hulinda lililo juu yake na haliruhusiwi kulibomoa: likigongana na dharura, pambo ndilo linaloahirishwa.

Kwa mpangaji wa miradi, daraja hizi ni kipimo cha kazi. Jenereta ya chumba cha upasuaji katika hospitali kama ya Rufaa ya Msambweni, inayotegemewa na wagonjwa wa sehemu kubwa ya kusini mwa kaunti, ni dharura. Barabara ya lami inayompunguzia mkulima wa Kikoneni gharama ya kufikisha maembe yake sokoni ni haja. Lango jipya la ofisi na taa za kupendezesha mzunguko wa barabara ni pambo. Hakuna katika haya kilicho kibaya. Kosa ni kupanga la tatu mwaka huu na la kwanza mwaka ujao.

Ghazali hakuwaonea haya watu wa dini katika jambo hili. Katika kitabu chake cha Ihya, anapoeleza namna watu wanavyojidanganya, anawataja matajiri wanaorudia Hija mara kwa mara huku majirani zao wana njaa, na wanaotumia mali kuipamba misikiti ilhali kuna mafukara karibu nao. Onyo hilo lina kazi pwani, ambako msikiti ni moyo wa mtaa na mchango wa msikiti hupatikana kwa wepesi kuliko mchango wa choo cha madrasa. Msikiti wa kale wa Kongo huko Diani, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karibu na mdomo wa mto Mwachema, na unaotumika hadi leo, ni mdogo na hauna makuu. Hadhi yake imetokana na wanaouswalia.

Daraja za haja zina mpaka wake. Kwanza, hutokea dharura mbili zikagongana: maji ya Kinango na dawa za Vanga. Hapo daraja hazitoi jibu, na kinachohitajika ni kuuliza ni dharura ipi isiyo na mbadala, na ipi madhara yake hayarekebishiki. Kijiji chenye kisima cha maji ya chumvi kina mbadala mbaya; kijiji kisicho na chochote hakina mbadala kabisa. Pili, dharura za leo zikitangulia daima, kazi zinazozuia dharura za kesho hazitapata zamu. Serikali ya kwanza ya kaunti ya Kwale, iliyoingia baada ya uchaguzi wa 2013, ilianzisha mpango mkubwa wa kuwasomesha watoto wa kaunti, uliojulikana kama Elimu ni Sasa, wakati vijiji vingi vilikuwa bado havina maji wala barabara. Uamuzi kama huo unaweza kutetewa kwa sababu umri wa kusoma haungoji: barabara iliyoahirishwa miaka mitano itajengwa baadaye, lakini kijana aliyekosa kidato cha kwanza kwa kukosa karo si rahisi kumrudisha miaka mitano baadaye. Kwa hiyo pamoja na uzito wa haja, mpangaji huangalia kama fursa yenyewe ina tarehe ya kufa.

Tatu, kuna mali isiyohamishika kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili, yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, na haijengi barabara kwa sababu tu barabara inahitajika. Shamba la wakfu lililowekwa kwa ajili ya kisima hubaki na sharti la aliyeliweka, na wanazuoni walilihesabu sharti hilo kuwa na nguvu inayokaribia ile ya maandiko ya Sheria. Ndivyo yalivyo hata mafungu ya serikali yenye masharti. Msimamizi anayechukua fedha za mradi mmoja kuokoa mwingine, hata kwa nia njema, amevunja amana ya aliyetoa na amemnyang'anya zamu mtu ambaye zamu yake ilikwisha fika.

Zamu ya wanaolingana

Haja zikishapimwa, hubaki watu au vijiji vinavyolingana au vinavyokaribiana. Historia ya Uislamu imehifadhi hapa mvutano wa wakubwa wawili. Khalifa Abu Bakr, aliyetawala kuanzia 632 hadi 634, aligawa mali ya umma kwa usawa, akiona kuwa ubora wa mtu katika dini malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu, na riziki ya dunia ni jambo jingine. Umar bin Khattab alipoingia na kuunda daftari la mafungu, aliwatanguliza waliosilimu mapema na waliobeba taabu za mwanzo. Wote wawili walitaka haki. Wa kwanza alitazama tumbo, ambalo kwa kila mtu ni moja. Wa pili alitazama mchango.

Falsafa ya kizungumkuti hiki iliendelea hadi nyakati zetu. John Stuart Mill na wenzake wa Uingereza walipima tendo kwa jumla ya manufaa inayoleta, na kwa kipimo hicho kijiji chenye watu wengi karibu na barabara kitashinda karibu kila mara, kwa kuwa kila shilingi huwafikia wengi. John Rawls wa Marekani, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu nadharia ya haki, alikataa hesabu hiyo, akasema tofauti za kijamii zinakubalika pale zinapomnufaisha aliye chini kabisa. Kwa Kwale, hoja ya Rawls inagusa mahali panapouma. Ukunda ina watu wengi na lami, Mwereni ina watu waliotawanyika na safari ndefu. Kanuni ya manufaa kwa kila shilingi, ikitumika mwaka baada ya mwaka, itaipeleka kila bajeti Ukunda na kuiacha Mwereni mkiani hadi mwisho wa dunia, bila mtu yeyote kukusudia dhuluma. Ndiyo maana kanuni ya utangulizi haitoshi kuwa nzuri kwa mwaka mmoja. Inapimwa kwa kuangalia kama kuna mtu ambaye chini ya kanuni hiyo hatafikiwa kamwe.

Katiba ya Kenya imeliweka jambo hili katika sheria. Kifungu cha 43 kinataja haki ya afya, makao, chakula, maji safi na elimu. Kifungu cha 20(5) kinaeleza itakuwaje serikali ikidai kwamba haina uwezo: ni juu yake kuthibitisha kuwa rasilimali hazipo, na katika kugawa kilichopo itoe kipaumbele kwa kuwafikia watu wengi iwezekanavyo, huku ikizingatia hali ilivyo, pamoja na unyonge wa makundi fulani. Kipimo cha wingi na kipimo cha unyonge vimewekwa pamoja, na mwenye kubeba mzigo wa kuthibitisha ni mwenye mamlaka, si mwenye kiu.

Pale ambapo hata unyonge unalingana, watu wa pwani wana njia wanayoijua: upatu. Wanawake kumi hutoa kiasi kilekile kila wiki, na kila wiki mmoja hupokea chungu chote. Kila mmoja atatoa sawa na atapata sawa, lakini wa kwanza amepata mkopo usio na riba na wa kumi amekuwa akiwakopesha wenzake muda wote. Kwa hiyo zamu ndiyo mali inayogawiwa. Vikundi vingi hupiga kura, kisha huacha mlango mmoja wazi: mwenye msiba au mgonjwa anaweza kuomba apande, na mwenzake akakubali kushuka. Kura ina asili yenye heshima. Qurani inataja waliopiga kura kuamua nani amlee Mariamu, na mapokeo yanasema Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwapigia kura wakeze anaposafiri. Thamani ya kura ni kwamba haimdharau aliyekosa: hakuna aliyemwambia kuwa yeye ni mdogo. Lakini ina mahali pake. Kumpigia kura mwenye njaa na aliyeshiba ni kukwepa kufanya uamuzi ambao akili na dini vimeshauonyesha njia.

Wasiozaliwa nao wana zamu

Ratiba kamili ya uhaba iliyo maarufu kuliko zote iko katika kisa cha Nabii Yusuf, kinachosimuliwa katika Qurani na katika kitabu cha Mwanzo. Miaka saba ya neema ilitangulia miaka saba ya ukame, na kazi ya Yusuf ilikuwa kuizuia mikono ya leo ili midomo ya kesho ipate. Kisa hicho hakimwonyeshi Mungu akiondoa uhaba kwa muujiza. Kinamwonyesha akimpa mja wake habari mapema na kumwachia kazi ya kupanga, kuhifadhi na kugawa.

Umar bin Khattab alikutana na swali hilo baada ya Iraki kufunguliwa. Askari waliipigania nchi na wakataka mashamba yake wagawiwe, kama ngawira inavyogawiwa. Umar alikataa licha ya upinzani wa baadhi ya masahaba, akiegemea aya ya Sura ya Hashr inayowataja watakaokuja baadaye. Ardhi iliachwa mikononi mwa walioilima, ikatozwa kodi, na mapato yakawa ya Waislamu wa zama zote. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito: ikigawiwa yote leo, wajao watapata nini?

Kwale imeulizwa swali hilohilo kwa mchanga wake. Kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena ya kwanza ya madini kutoka kaunti hii mwaka 2014, ikichimba ilmenaiti, rutaili na zikoni, na wenyeji wa Nguluku na Maumba walikuwa wamehamishwa ili kuupisha mgodi. Uchimbaji ulikoma mwishoni mwa 2024, baada ya akiba iliyofaa kuchimbwa kuisha. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha kwa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali penyewe. Kifungu cha 201 cha Katiba nacho kinataka faida na mizigo ya matumizi ya rasilimali igawanywe kwa haki kati ya kizazi kilichopo na vijavyo. Madini yaliyochimbwa hayaoti tena. Kwa hiyo fedha yake, kwa haki, inapaswa kutangulizwa kwenye vitu vitakavyobaki wakati shimo limefukiwa: elimu, mabomba ya maji, misitu, ujuzi wa vijana. Kuitumia kulipa gharama za kila siku ni kula mtaji wa mtu ambaye bado hajaja kudai.

Mfano wa njia nyingine uko Gazi, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Msambweni. Mikoko ya ghuba hiyo ilifyekwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda, na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, wakaanza kuipanda upya pamoja na wenyeji katika miaka ya 1990. Mwaka 2013 ulianza rasmi mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo chini ya kiwango cha Plan Vivo. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mapato yake kwa mwaka ni madogo ukilinganisha na mahitaji ya vijiji viwili, kwa hiyo kila mwaka kuna kuchagua. Sehemu hurudi kwenye kazi ya mikoko yenyewe, na inayobaki huamuliwa na wanavijiji kwa mashauriano. Maji na shule ndivyo vilivyopata nafasi kubwa. Mambo mawili yanafaa kutazamwa kwa karibu. Mkoko hutunzwa kwanza, kwa sababu ndio unaozalisha fedha ya miradi yote ijayo. Na anayekosa mwaka huu hukosa mbele ya macho yake, akiwa ameketi katika kikao kilichoamua, na anajua kuwa mwakani chanzo kitakuwepo.

Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, ni mafunzo ya zamani zaidi ya jambo hilo. Uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda tangu 2008. Ardhi ya ufuo huo ni ghali mno, na mwenye kupima kwa shilingi za leo peke yake angeshaiuza. Wazee waliolizuia shoka vizazi na vizazi walikuwa wamewapangia zamu watu wasiowajua.

Haki ya anayesubiri

Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Ratiba inaweza kutanguliza haja sahihi na bado ikamdhulumu anayesubiri, iwapo anasubiri gizani. Anayesubirishwa ana madai matatu.

La kwanza ni sababu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba, na Katiba inataka umma ushirikishwe. Kikao cha umma kisichoeleza kwa nini mradi fulani umetangulia hakijatimiza lengo lake, hata kama watu walitia saini na kunywa soda. Sababu inayofaa ni ile inayoweza kutamkwa mbele ya aliyekosa bila aibu: "wenzako hawana kisima kabisa" inatamkika, "diwani wao ni wa upande wetu" haitamkiki.

La pili ni tarehe. Kuahirisha bila tarehe ni kunyima kwa lugha ya upole. Hapa huzuka suala la imani: je, kumwekea mtu tarehe si kumtangulia Mungu? Sura ya Kahf inafundisha kwamba asiseme mtu atafanya jambo kesho bila kulifunga na matakwa ya Mwenyezi Mungu, na mapokeo ya Tirmidhi yanamwelekeza mwenye ngamia amfunge kisha ndipo amtegemee Mola. Maelekezo hayo mawili yanakwenda pamoja. Inshallah ya mpangaji ni kukiri kuwa mvua, bei na uhai haviko mkononi mwake, baada ya kufanya yote yaliyo mkononi mwake. Ikitumika kufunika zabuni ambayo haikutangazwa, imekuwa jina la Mungu juu ya uzembe wa mja.

La tatu ni kukamilisha. Injili ya Luka ina mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, anayepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama asije akashindwa baada ya kuweka msingi. Katika uhaba, kila mradi ulioanzishwa bila uwezo wa kuumaliza huchukua mali ya waliokuwa nyuma yake kwenye foleni na haumpi chochote aliyekuwa mbele. Kwa hiyo kukataa kuweka jiwe la msingi kabla fedha hazijatosha ni tendo la haki, ingawa halipigiwi makofi.

Fikihi ina dhana ya faradhi ya kutosheleza: jambo ambalo wakilifanya baadhi, wengine huondokewa na dhima, na likiachwa na wote, dhambi huwaenea wote waliokuwa na uwezo. Maji ya kijiji, mkunga na mwalimu ni faradhi za namna hiyo. Dhana hii inaigusa ratiba kwa njia moja muhimu: kuwekwa nyuma kwenye orodha hakulifuti deni. Jamii iliyokipa kijiji kimoja kisima mwaka huu inabaki na dhima kwa kijiji cha pili mpaka kisima chake kichimbwe, na hali ikibadilika, ukame ukaja au mlipuko wa kipindupindu ukatokea, orodha ipangwe upya hadharani, na aliyeshushwa aambiwe ni kwa nini na zamu yake mpya ni lini. Uhaba humruhusu mtawala kuahirisha. Haumruhusu kusahau.